Risasi zenye msukumo mdogo kwa rivolva ya mtutu mfupi: zipi za mazoezi, zipi za kujihami

Rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ikiwa na mtutu wa inchi 2 ni rahisi kubeba na ngumu kupiga. Smith & Wesson 642 yenye fremu ya alumini ina uzito wa kama gramu 400 tu ikiwa tupu, na Ruger LCR ya kipimo cha .38 Special ni nyepesi zaidi, takriban gramu 380. Wepesi huo unaoifanya isisumbue kiunoni ndio unaoumiza kiganja. Mnunuzi akichagua risasi kwa kutazama nguvu iliyoandikwa kwenye boksi, hupiga chache, mkono unamuuma, anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na mwishowe silaha inalala kwenye sefu. Ndiyo maana katika kupanga risasi hizi nimetanguliza kigezo kimoja: je, mwenye silaha anaweza kumaliza silinda nzima ya risasi tano, kwa haraka, bila kupoteza shabaha?

Msukumo unaousikia mkononi unatokana na uzito wa kichwa cha risasi, kasi yake na wingi wa baruti inayoungua, dhidi ya uzito wa silaha. Kwa hiyo kichwa kizito kinachokwenda polepole kinaweza kusukuma kwa upole kuliko kichwa chepesi chenye kasi kubwa. Tazama pia alama ya +P, yaani risasi yenye shinikizo lililoongezwa. Viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi ya Marekani, vinaruhusu shinikizo la hadi psi (pauni kwa inchi ya mraba) 17,000 kwa .38 Special ya kawaida, 20,000 kwa +P, na 35,000 kwa .357 Magnum. Bastola ya .357 hupokea .38 Special bila shida, lakini .357 haiingizwi katika bastola ya .38. Na kama bastola yako ni ya zamani, soma kijitabu cha mtengenezaji kabla ya kugusa boksi lenye +P.

Kwa mazoezi, nafasi ya kwanza naipa bila kusita wadikata ya greni 148 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa): kichwa cha madini laini ya risasi, bapa kabisa mbele, kilichozamishwa hadi mdomo wa ganda. Kwa kawaida boksi huitaja kasi ya karibu futi 700 kwa sekunde, na mtutu mfupi huipunguza zaidi. Ni risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha, na kwenye karatasi hutoboa tundu safi kama la mashine ya kutobolea faili, kwa hiyo unaona wazi kila pigo lilikotua. Kampuni ya Federal huitengeneza katika mfululizo wake wa Gold Medal, na viwanda vingine kadhaa vina ya kwao. Kasoro yake ni bei, maana mara nyingi huizidi ile ya risasi za kawaida za mazoezi.

Ukibanwa na bei, chukua greni 130 yenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba, isiyo na +P. Inasukuma zaidi kidogo, lakini inavumilika, inapatikana kwa wingi, na hutumbukia kirahisi kwenye matundu ya silinda. Greni 158 yenye kichwa cha madini ya risasi kisichofunikwa shaba inafuata. Nayo ni nzuri kwenye bastola ya chuma. Kwenye ya alumini, boksi moja linatosha kukuchosha.

Upande wa kujihami ndiko ubishi ulipo. Kipimo kinachotumiwa sana ni cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kilichokua kutokana na majaribio yaliyofuata mapigano ya risasi ya Miami ya Aprili 1986: kichwa kipenye jeli ya majaribio kwa inchi 12 hadi 18, hata baada ya kupita nguo nzito. Kichwa chenye shimo mbele hutegemea kasi ili kichanue, na mtutu wa inchi 2 ndio unaokinyima kasi hiyo. Mara nyingi shimo hujaa nguo, kichwa kinapita bila kuchanuka, nawe umevumilia msukumo wote kwa faida ndogo.

Kwa hiyo kwa mwenye bastola nyepesi, au mwenye viganja dhaifu au vyenye maumivu ya viungo, nafasi ya kwanza narudi palepale: wadikata ya greni 148. Haitegemei kuchanuka. Uso wake bapa hukata badala ya kupenya kwa ncha, na kwa kawaida hufikia kina kinachotakiwa. Usumbufu wake ni upakiaji, kwa sababu haina ncha ya kuiongoza kwenye tundu na chini ya wasiwasi vidole hubabaika. Weka wadikata kwenye silinda, na kwenye kifaa cha kupakia kwa mkupuo weka risasi zenye ncha ya mviringo.

Nafasi ya pili ni greni 110 ya shinikizo la kawaida, kama Hornady Critical Defense au Federal Hydra-Shok ya msukumo mdogo. Hornady wameziba shimo kwa mpira laini ili nguo isiingie. Udhaifu ni kina: zikichanuka vizuri, huweza kuishia karibu na mpaka wa chini wa inchi 12.

Nafasi ya tatu ni Speer Gold Dot ya greni 135 +P, iliyobuniwa kwa ajili ya mitutu mifupi, pamoja na Federal HST Micro ya greni 130 +P. Kwa bastola ya chuma ningezipandisha hadi ya kwanza, kwa kuwa uzito wa silaha humeza sehemu kubwa ya msukumo. Kwenye alumini, zijaribu kwanza uwanjani kabla ya kuziamini. Hornady ya greni 90, ile nyepesi kuliko zote, naiweka ya nne. Msukumo wake ni mdogo kweli, ila kichwa chepesi hivyo hakina akiba ya kupenya. Ya mwisho ni .357 kwenye bastola nyepesi: mngurumo, mwako na maumivu, na pigo la pili linachelewa sana.

Ambaye bado hajanunua bastola afikirie pia kipimo cha .32. Rivolva ya .327 Federal Magnum hupokea pia .32 H&R Magnum na .32 S&W Long, risasi pole kwelikweli, na katika umbo dogo silinda mara nyingi hubeba sita badala ya tano.

Kabla ya kununua nyingi, pima mambo mawili. Kwanza, mahali zinapotua. Vilengeo vya bastola hizi kwa kawaida havirekebishiki. Kichwa chepesi chenye kasi hutoka kabla mtutu haujainuka sana, hivyo hutua chini kuliko greni 148 au 158. Risasi ya mazoezi na ya kujihami zikitua mahali pamoja kwa umbali wa mita 7, umepata jozi yako.

Pili, kichwa kuchomoka kwenye ganda. Katika bastola nyepesi, mtikisiko huweza kukivuta mbele hadi kikwame na kuzuia silinda isizunguke. Pima urefu wa risasi ya tano, piga nne, kisha itoe uipime tena. Ikiwa imerefuka, acha aina hiyo, hata kama boksi zima limeshalipiwa. Rudia kipimo hiki kila unapobadili chapa au uzito wa kichwa.