Gereji iliyotaka kuizika giaboksi yangu bila hata kuchomoa dipstiki

Nyota moja, na hiyo moja ni ya dogo mwenye ovaroli ya kijani, bosi wake hana chake hapa. Nisingeandika kabisa ila kila nikikumbuka lile neno lake hasira zinapanda upya. Neno lenyewe hili: "Mama, muite baba watoto aje tuongee." Gari ni yangu. Kadi ina jina langu. Baba watoto mwenyewe hana leseni, akikaa siti ya mbele kazi yake kushika mlango na kuniambia taratibu taratibu, sasa aje aongee nini na wewe kuhusu giaboksi?

Haya, shida yenyewe. Nina Toyota IST ya kwanza, zile za kabla ya 2007, automatiki ya gia nne, imeshazunguka sana. Kipindi cha mvua zile ikaanza tabia. Asubuhi ikiwa baridi ukiweka D ya kwenda mbele haiendi, inakaa kwanza, alafu gia inaingia kwa kishindo mpaka mkoba unadondoka. Ukipanda kutoka Ubungo kwenda Kimara ndo vituko vyenyewe, gia ikitaka kubadilika mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, unaruka juu injini inalia gari yenyewe haina habari, nyuma daladala wanakupigia honi na matusi juu. Ikipata moto inatulia kidogo, kesho yake tena. Sasa wenye automatiki mnajua, dalili hizo zinaweza kuwa plati za klachi zimeisha kweli, zinaweza kuwa solenoidi au vavubodi, vile vinavyoelekeza mafuta ili gia ibadilike, na zinaweza kuwa mafuta tu yamepungua, maana pampu ikianza kuvuta hewa presha inakosekana na bila presha plati hazishiki. Ndo mana kitu cha kwanza ni kuchomoa dipstiki ya giaboksi, kile kijiti cha kupimia mafuta. Kwenye hii yangu unainua boneti ipo pale. Haitaki mashine haitaki spana, kitambaa tu kisafi.

Bosi hakuichomoa. Aliingia ndani, akaweka R ya kurudi nyuma, akaweka D, akashika breki akakanyaga mafuta, akashuka anafuta mikono ambayo haijashika kitu. "Boksi imekufa hii." Nikamuuliza, mafuta je? Akacheka. Nikamuuliza, hupimi hata na mashine tuone kama kuna kosa limejiandika? Hapo sasa ndo akamtaka baba watoto. Na bei anayo tayari, boksi ya mtumba kutoka Japani laki nane na nusu, ufundi mbali, na simu ya mtu wa spea Ilala ishapigwa, anaongea mbele yangu kabisa "niwekee ya IST hiyo nina mteja hapa", mteja mwenyewe nimesimama sijakubali chochote! Ni sawa na daktari akukate mguu kabla hajakwambia uvue kiatu.

Sisemi kila fundi anayesema boksi imekufa ni tapeli, boksi za zamani zinakufa jamani. Kuna gari unashusha sampu, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, unakuta sumaku zake zimejaa vipande vya chuma, mafuta meusi yananuka kuungua, hiyo hata umwagie mafuta ya aina gani haiamki. Na mafundi wa kuifungua boksi ya automatiki wakaipanga upya plati kwa plati siyo wengi, kwa hiyo watu wananunua ya mtumba, japo nayo ni bahati nasibu, hujui huko ilikotoka ilitunzwaje. Kwa hiyo labda angekuwa sahihi. Labda. Si angeangalia basi?

Bosi akaenda kula. Dogo akaja polepole, "Samahani sista, iwashe kidogo." Gari iko tambarare, tukaiacha inaunguruma mpaka ikapata moto, akaniambia nikanyage breki niipitishe gia zote taratibu kutoka P mpaka L nirudi P. Injini inawaka bado, akachomoa dipstiki, akafuta, akarudisha, akachomoa tena. Alama ya HOT pakavu. COOL pakavu. Imelowa ncha tu! Mafuta yamekuwa ya kahawia ila siyo meusi, akanusa akaninusisha na mimi, hakuna harufu ya kuungua. Akalala chini na tochi ya simu. Kuna ile mipira miwili inayopeleka mafuta ya giaboksi kwenye rejeta yakapoe, mmoja klipu imelegea, umelowa wote, na mafuta yalikuwa yanaishia kwenye kava la chini ndo mana nyumbani hakuna doa sakafuni. Na hiyo rejeta ilibadilishwa wapi mwaka jana? Hapo hapo. Na nani? Msinichekeshe.

Mpira mpya, klipu mpya, mafuta. Duka la jirani wakaleta haidroliki nyekundu kwenye galoni halina hata jina, dogo akakataa, akasema hii inataka T-IV, aina ya mafuta ya automatiki ya Toyota, siyo kila chekundu kinaingia kwenye giaboksi. Wakaenda kuitafuta. Akamimina kidogo kidogo na faneli kwenye tundu la dipstiki, anapima, anamimina, anapima, maana ukizidisha nayo inafanya povu shida inarudi pale pale. (Wenye IST za baada ya hapo msikopi hii, nyingi ni CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kupokezana, mafuta yake ni mengine kabisa.) Tukaenda kuijaribu mlimani. Kimya! Gia zinapokezana hata husikii, RPM imetulia, nikataka kumkumbatia yule mtoto pale barabarani. Muda ule ungeniuliza ningetoa nyota zote tano na sadaka juu.

Tunarudi, bosi kashiba, kaandika risiti. "Ukaguzi wa giaboksi, elfu hamsini." Ukaguzi! Eti na boksi ya Ilala ishapakiwa kwenye bodaboda, kwa hiyo nauli ya bodaboda nayo yangu. Alafu anamalizia, "Hiyo ni dawa ya muda tu mama, mwambie mzee ajiandae." Nikalipa mpira, klipu na mafuta, dogo nikampa yake mkononi, bosi nikamwambia bodaboda yake aitume kwa huyo baba watoto anayemtafuta.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba siwezi hata kusema amekosea asilimia mia. Asubuhi ya baridi R bado inachelewa kidogo, siyo kama zamani ila ipo, maana plati zimeteleza muda wote ule mafuta yakiwa chini na lazima kuna kilicholika. Boksi ikifa mwakani atatembea mtaani anajisifu alisema. Kwa klipu aliyoifunga yeye!

Kwa hiyo msiende. Au nendeni kama ni breki na oili ya injini, hayo wanafanya vizuri tu na bei zao siyo mbaya, sitaki kuwaonea. Ila automatiki, hapana. Mi namba ya dogo nimechukua. Tunamwaga yale ya kahawia tunaweka mapya, na kwa kuwa ukifungua nati ya chini hayatoki yote, mengine yanabaki kwenye tokonvata, ile inayounganisha injini na giaboksi, tutarudia tena baada ya muda. Kuna wanaonitisha eti boksi ya zamani ukiibadilishia mafuta inakufa siku hiyo hiyo, dogo anasema yakiwa meusi na yananuka kuungua ndo uogope, haya yetu bado. Atakuja nyumbani Jumapili, mafuta nanunua mwenyewe.