Kuhamisha nyumba ya mbao kutoka Katindo hadi Mugunga: mafundi wanajua nini, na wapi wanaharibu

Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, anayenunua parseli Himbi au Katindo hanunui nyumba ya mbao iliyo juu yake. Anataka kiwanja kitupu karibu na Ziwa Kivu, apandishe etaji (ghorofa) ya kupangisha kwa dola, soko lililokua pale mashirika ya misaada na watu wa Umoja wa Mataifa walipojaa mitaa hiyo. Mwenye mbao anaambiwa aondoke na mbao zake. Ndipo wanaitwa mafundi wa kufungua nyumba na kuisimamisha tena Ndosho, Mugunga au Lac Vert, upande wa magharibi wa mji. Huduma yao ni nzuri nusu ya kwanza, ya kubahatisha nusu ya pili.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya mita 5 kwa 7, yenye manjanja (mabati ya paa) 20 ya mita 3, kumi kila upande wa paa.

Kufungua wanakujua sana. Umeme unakatwa kwanza, triplex za dari zinashuka, milango na madirisha yanatoka pamoja na fremu zake, kisha manjanja, mwisho kuta. Fundi mzuri hapigi ubao kutoka nyuma ili msumari uruke. Anautoa kwa mtaimbo wa makucha akiweka kipande cha ubao chini yake, kwa sababu mkaratusi uliokauka miaka mingi hupasuka hapo hapo kwenye tundu. Hata hivyo, hesabu kupoteza ubao mmoja katika kila kumi, hasa zile za chini zilizorushiwa matope ya mvua.

Tatizo linaanzia kwenye alama. Wengi wanaandika kwa chaki au mkaa, mvua inashuka njiani, na huko Mugunga hakuna anayejua ukuta upi ulikuwa wa jikoni. Nunua kopo dogo la rangi ya mafuta wewe mwenyewe. Kila ukuta upewe herufi, kila ubao namba kuanzia kushoto, na manjanja nayo yaandikwe. Hapo kwenye manjanja ndipo mafundi wanacheka, na ndipo nyumba nyingi zilizohamishwa zinapovuja. Janja la zamani lina matundu tayari. Likipigwa mahali pengine, unapata matundu mapya pamoja na yale ya zamani yaliyoachwa wazi. Miti inayobeba manjanja irudi kwa nafasi ile ile, kila janja lirudi mahali pake, msumari mpya mnene kidogo uingie kwenye tundu la zamani ukiwa na mpira wake. Tundu lililobaki lizibwe kwa lami juu na chini. Janja lililoliwa na kutu kwenye ukingo usilirudishe, hata fundi akisema litavumilia msimu mmoja.

Usafiri: mbao zinaweza kwenda kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa. Manjanja yapande Fuso, yakiwa yamelala juu ya mbao bapa. Kwenye chukudu ncha zinaning’inia na kukunjika, na janja lililokunjika halilali tena vizuri juu ya jirani yake.

Kusimamisha ndiko kunakotofautisha fundi na mpiga misumari. Lava ya huko, yaani mwamba wa volkano, haijalala sawa, kwa hiyo msingi wa mawe unapimwa kwa bomba la plastiki lenye maji, si kwa macho. Mti wa chini ukae walau sentimita 30 juu ya ardhi, na plastiki nzito itenganishe mti na jiwe. Kisha pembe. Vuta kamba kutoka kona hadi kona: kwa mita 5 kwa 7, kamba zote mbili za mshazari ziwe mita 8.60. Zikitofautiana kwa kiganja, kuta tatu zitafungana vizuri, ya nne itakataa, na utamwona fundi anachukua msumeno kukata ubao ambao hauna kosa.

Choo hakimo katika bei yao, na wanakusahaulisha hilo. Kuchimba lava kwa nyundo na mtaimbo ni mapatano mengine, na mara nyingi ni afadhali choo kiinuliwe kwa mawe, kiwe na ngazi.

Shimo la choo lina jambo lingine ambalo fundi haulizi kamwe: mazuku. Upande huo wa magharibi gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni, na inakuwa mbaya zaidi usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Kiwanja kilicho bondeni na kinachouzwa bei ya chini, waulize majirani, angalia kama kuna panya, ndege au wadudu waliokufa chini. Mshumaa ukizimika, ondoka. Ukiendelea kuwaka, hilo si ushahidi, maana hewa hiyo humdhuru mtu kabla haijaushinda mwali. Asishuke mtu shimoni peke yake asubuhi. Sakafu iliyoinuliwa inasaidia kidogo tu. Mtoto anayelala chini bado yuko hatarini.

Malipo yagawanywe mara tatu: theluthi mzigo ukishapakiwa, theluthi manjanja yakishapigwa, theluthi ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi akiikataa hiyo ya mwisho, tafuta mwingine kabla hajagusa msumari.