Mashine ya kukaushia epo inayosahau kila umeme ukikatika

Mwangaluka, mwangaluka! Msiojua Kisukuma nimewaamkia tu, itikieni huko mliko. Karibuni tena jikoni kwa shangazi yenu, hapa hapa Mwanza, na leo shangazi nina jambo rohoni. Mwanangu, usinipige picha mimi, piga mashine. Kamera ishuke. Hapo hapo.

Hii ndiyo mashine ya kukaushia matunda mliyoniuliza tangu ile video ya jamu. Mnaona pale mbele nimebandika plasta? Pana jina la kampuni pale, nami jina sitaji, maana leo nina maneno mawili matatu yasiyo mazuri na sitaki ugomvi na mtu. Trei tano, feni iko nyuma, mlango wa kioo, vitufe vya kugusa na kidole. Mambo ya wati na vipimo yameandikwa pembeni ya boksi, anayetaka asimamishe video asome. Mimi nina la kwangu.

La kwangu ni hili. Angalieni kwa makini. Nawasha. Naweka joto, nyuzi 55. Naweka muda, saa 9. Nabonyeza kuanza. Feni hiyo inalia, si mnasikia? Sasa mwanangu nenda pale ukutani, zima swichi. Zima tu, usiogope. Haya. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Washa.

Kimya.

Sogeza kamera kwenye kioo. Sifuri, sifuri, nukta mbili, sifuri, sifuri. Inapepesa macho kama haijawahi kuniona. 55 yangu iko wapi? Saa zangu 9 ziko wapi? Imesahau! Umeme umerudi, taa imewaka, na yenyewe imekaa inangoja nije niipapase tena. Turudie, asije mtu akasema nimebahatisha. Washa, 55, saa 9, anza. Zima. Safari hii hata tano sihesabu. Washa. Mmeona? Sekunde moja tu, yote imefuta.

Sasa nieleze kwa nini hili limenichoma. Wiki iliyopita nilinunua epo 12 kwa 700 kila moja, zile za kijani, Granny Smith. (Halafu kuna mtu aliandika kwenye maoni ati niseme matufaha. Matufaha ni Kiswahili safi mwanangu, ila nenda pale Soko Kuu ukaombe matufaha, uone muuzaji atakavyokutazama. Sokoni ni epo.) Nikakata, nikapanga, saa 4 usiku nikaiwasha nikaenda kulala, nafurahi mwenyewe kwamba asubuhi nafungua chipsi za epo. Saa 11 alfajiri naamka, nyumba kimya. Nikajua. Unajua ile mtu anavyojua? Nikaja huku peku peku, nakuta sifuri zinapepesa. Jirani akaniambia umeme ulikatika saa 6 usiku, dakika 10 hazikufika ukarudi. Dakika 10! Epo zangu zikakaa saa 5 mle ndani, mlango umefungwa, uvuguvugu, na maji yake hayajatoka. Nikafungua, harufu ikanipokea kama juisi iliyolala kwenye ndoo. Kuku wakala epo za elfu 8 na 400. Kuku!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba huyo huyo jirani ana mashine ya zamani, ya mviringo, trei zinapandana kama hotpoti, feni iko chini, haina kioo wala taima. Ina kile kitufe cha kuzungusha tu, kama cha redio ya mkulima. Umeme ukikatika inanyamaza, ukirudi inaendelea yenyewe, kwa sababu kitufe kimebaki palepale ulipokiacha. Haina akili, lakini haisahau. Yangu ina akili nyingi, kumbukumbu hamna. Na ya jirani ni karibu nusu ya bei ya hii! Hii nimeinunua 185,000 Dar, nikalipa na nauli ya basi hadi stendi ya Nyegezi. Nimeuliza kwa muuzaji, akaniambia, mama, weka mashine sehemu ambayo umeme haukatiki. Nikamuuliza, baba, hiyo sehemu iko wapi na mimi nihamie?

Basi. Nimepumua. Tuendelee, maana sijawaita kulalamika tu.

Hapana, ngoja, jirani naye nisimpambe sana. Ile ya mviringo ina kasoro yake, feni ikiwa chini trei ya chini inakauka kwanza, ya juu inabaki mbichi, kwa hiyo kila saa mbili unabadilisha, ya juu chini, ya chini juu. Hii yangu feni iko nyuma, upepo unapita trei zote kwa mara moja. Nitawaonyesha.

Kukata. Epo unaosha, unatoa moyo wenye mbegu, maganda mimi siyatoi, nayapenda. Unene ni milimita 5 hivi. Ukitumia kisu utakata kimoja kinene kimoja chembamba, halafu kimoja kimekauka kingine kinalia. Mimi natumia kile kibao chenye wembe cha kukatia krispi. Vidole jamani, angalieni vidole. Ukimaliza hapo hapo tumbukiza kwenye maji yenye limau. Maji lita moja, nakamulia malimau manne, dakika 10. Epo ikikatwa na hewa ikaingia inageuka kahawia, wote mnajua. Ni kimeng'enya chake mwenyewe kinachofanya hivyo, na ukali wa limau unakipunguza nguvu. Ukiacha haidhuru, utakula tu, ila rangi itakuwa ya viatu vya shule.

Halafu unachuja, unafuta maji, unapanga zisipandane. Mdalasini kidogo ukipenda. Mimi napenda, mpwa wangu anakunja uso.

Sasa joto. Kijitabu kilichokuja na mashine kinasema epo weka 70. Usikifuate! Ukiweka joto kali, ngozi ya nje inakauka haraka inajifunga, maji ya ndani yanakosa pa kutokea. Unaishika unaona imekauka, unaweka kwenye chupa, wiki mbili baadaye kuna ukungu. Epo inataka 57 hivi. Hii yangu inaruka tano tano, kwa hiyo 55, na uvumilivu. Kwa unene huu kwangu imechukua saa 9. Yako inaweza kuchukua 7 au 12, inategemea unene na epo zenyewe zina maji kiasi gani.

Hizi nimeziwasha leo saa 12 asubuhi, nimekaa nazo kama mgonjwa. Mchana, mnaelewa? Mashine hii unaiwasha ukiwa macho, simu umeweka alamu kila saa uje uitazame. Ndiyo dawa pekee niliyoipata.

Nafungua. Njoo karibu, mwanangu, karibu kabisa. Natoa moja ya trei ya kwanza na moja ya trei ya tano. Msizipime zikiwa za moto, epo ya moto siku zote ni laini, itakudanganya. Ziache zipoe. Hizi za pembeni nimezitoa dakika 20 zilizopita. Hii ya trei ya kwanza, nakunja... mmesikia? Kah! Imekatika kama kijiti. Ya tano, nakunja... kah! Sawasawa. Hapo ndipo naipenda. Sasa hii nyingine nimeitoa makusudi saa tatu kabla ya wenzake, itazameni. Nakunja, inajikunja kama soli ya kandambili. Naichana, naminya hapa kwenye mpasuko. Mnaona kale kaunyevu kanakong'aa? Hii ukitaka kuila leo kula, tamu sana, inavutika mdomoni. Kuweka akiba, hapana.

Ukitaka za kuweka, zikipoa jaza kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana, usishindilie, acha nafasi ya theluthi moja juu. Funga. Kila siku itikise, siku 7 hadi 10. Kazi yake ni kwamba kipande kilichobaki na unyevu kinagawana na wenzake. Ukiona chupa imetoa jasho ndani, rudisha zote kwenye mashine. Zikipita hapo, funga vizuri weka mahali pa giza na baridi. Kwa joto letu la hapa hesabu miezi 6. Wa sehemu za baridi wanaweza kufika mwaka.

Sasa najua yupo anayesema, shangazi, kukausha kwetu ni mashine ya nini na jua lipo? Mwanangu, mimi nimelelewa na michembe. Bibi alikuwa anakata viazi vibichi anavianika juu ya mwamba, hiyo ndiyo michembe. Akivichemsha kwanza halafu akaanika, hayo ni matobolwa, na matobolwa na karanga usinikaribie. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe 2025 naenda Sengerema kufuata michembe na kurudi siku hiyo hiyo, kivuko nimekiaga. Na dagaa je? Nenda pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, uone jua linavyofanya kazi. Jua nalijua.

Lakini epo si kiazi. Epo ina maji zaidi ya asilimia 80, na sukari juu yake. Nilijaribu, nikaanika uani kwenye chanja na chandarua juu. Siku ya kwanza nzuri. Siku ya pili wingu, upepo wa ziwani umebeba unyevu, epo zimelala laini kama masikio. Jioni vikaja vile vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda kama moshi, chandarua kikawa cheusi. Siku ya tatu nikaweka chini silaha. Jua la kukaushia matunda linataka siku kavu mfululizo, na hapa kando ya ziwa siku tatu za hivyo kuzipata uombe.

Na oveni? Oveni yangu haishuki chini ya 100, hiyo ni kuoka. Kikaango cha hewa trei moja ndogo, utakausha epo mbili mpaka uzeeke.

Aa, na dagaa! Niliondoka Jumapili kwenda kanisani, huyu anayeshika kamera, ndiyo wewe, usicheke, akasema ajaribu dagaa kwenye mashine. Zimekauka vizuri, sikatai. Lakini nimeosha trei zile kwa limau, kwa magadi, kwa maombi. Epo za Jumatatu zilikuwa na harufu ya Kirumba. Ukitaka kukausha samaki nunua trei zake za pekee.

Hesabu sasa, maana najua mnaingoja. LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, asubuhi ilisoma uniti 31.6 zilizobaki, sasa hivi inasoma 28.2. Nimekata friji ili hesabu isichafuke. Uniti 3.4. Kwa bei ninayonunulia, karibu 350 kwa uniti, ni kama shilingi 1,200. Epo 12 nazo 8,400. Na nimepata nini? Mzani huu hapa, gramu 280. Kutoka kilo 2 za sokoni! Mpwa wangu aliuliza nyingine zimeenda wapi. Zimeenda hewani, mwanangu, yalikuwa maji. Kwa hiyo epo kwa kweli si biashara, epo ni raha yako na vitafunwa vya watoto kwenye begi la shule. Pesa iko kwenye embe, msimu ukifika na embe zinaozea chini ya miti. Hapo mashine hii itanilipa.

Mimi je, ningeinunua tena? Asubuhi ningewaambia hapana. Nilitaka kuirudisha Dar kwa basi lile lile. Sasa nimetafuna hizi za trei ya tatu... mm. Nabaki nayo. Ila wewe ambaye hujanunua, ukiwa dukani mwambie muuzaji aiwashe, kisha achomoe plagi arudishe, mbele yako. Ikiendelea yenyewe, chukua. Ikipepesa sifuri, chukua ya kitufe cha kuzungusha, uvumilie kubadilisha trei.

Video ijayo naingiza viazi vya kuchemsha humu, matobolwa ya umeme, tuone bibi angesema nini. Kengele pale chini bonyezeni, wengi mnaangalia bila kujiunga, nawaona. Mwanangu, hiyo ya pili ilikuwa ya kupigia picha, umeila? Haya, weka kamera, katoe chupa kabatini kabla hujamaliza na zilizobaki.