Stika ya mlangoni na chupa ya mafuta, Sh1,500: maoni yangu baada ya majuma matano

Mimi ndiye niliyelipa, mamangu ndiye aliyetumia. Kifurushi chenyewe kina chupa ndogo ya mafuta ya upako, stika ya kubandika mlangoni, na kijitabu cha kurasa 16 kuhusu siku za mwisho. Kinauzwa kwenye hema moja la maombi huku Kisauni, Mombasa. Jina la hema wala la mtumishi silitaji. Aliyewahi kufika atalijua, na ambaye hajafika namwandikia ajue kabla ya kufungua mkoba.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kongowea, nashona sare za shule na kanzu za kwaya. Mamangu ana miaka 71, ni mtu wa Rabai, kabatizwa Anglikana na kulelewa Anglikana. Biblia yake ni ile tafsiri ya Union, na jalada lake nimelishona mara mbili kwa uzi wa viatu kwa vile linavyoshikwa. Kwa hiyo hatukwenda kutafuta makosa ya watu. Jirani alimwalika mama, mama ana presha na usiku halali vizuri, akaniambia, "Mwanangu, nisindikize."

Haki yao niwape kwanza. Wahudumu walimshika mama mkono kutoka kwenye tuktuk hadi kwenye kiti, wakamletea maji bila kuombwa. Kwaya yao ni nzuri, hasa sauti za kina baba, na mimi kwaya nazijua. Mtumishi anahubiri Kiswahili kinachoeleweka na mtoto. Alisoma Ufunuo 13, habari ya mnyama na chapa yake, akaturudisha 2019 wakati wa Huduma Namba, ile nambari ya utambulisho ya serikali, watu walivyoogopa kwamba ndiyo ile 666. Kisha akafungua Kutoka 12, damu ya mwana-kondoo kwenye miimo na kizingiti, akasema kuna tauni inakuja kupita Pwani usiku, na nyumba isiyo na alama haitasazwa. Hapo ndipo vifurushi vilipotolewa kwenye maboksi. Alikuwa amesema kulipa kwa simu ni hatua ya kuelekea chapa ya mnyama, na sasa nambari ya till, ya kulipia kwa M-Pesa, ikaandikwa ubaoni. Watu walipanga foleni hadi nje. Mama alinitazama tu. Nikalipa.

Sasa bidhaa yenyewe. Mafuta yananukia kama ya kupikia yaliyotiwa marashi kidogo. Kifuniko hakikazi, yakavuja kwenye mkoba wa mama, na leso yake ya kijani ina doa mpaka leo. Hilo ningelisamehe.

Stika ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ina ukubwa wa daftari la shule. Robo tatu yake ni picha ya mtumishi, suti ya buluu, mkono wa kulia umeinuliwa, macho yanakutazama popote unaposimama. Chini yake imeandikwa "Nyumba hii imefunikwa", halafu nambari ya till. Niliigeuza, nikaisogeza kwenye taa, nikalitafuta jina la Yesu. Limo mara moja, pembeni kabisa, herufi kama punje za mchele, na limo kwa kuwa ni sehemu ya jina la kituo chao.

Maelekezo yako ndani ya kijitabu. Unaibandika kwa ndani, usawa wa macho, na kila jioni saa moja unapaka mafuta kwenye mwimo huku ukiitazama picha na kumtaja mtumishi kwa jina. Siku ya nne au ya tano nilirudi kutoka Kongowea nikapitia uani. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi, juu ya leso, kaelekea mlango. Nikamsikia akisema, "Mungu wa mtumishi wako, nisikie." Mamangu! Tangu nikiwa mtoto ninamsikia akianza na "Baba yetu uliye mbinguni". Nilisimama na mfuko wa vitambaa mkononi nikashindwa hata kumwamkia. Yule mtu wa mlangoni alikuwa ameinua mkono, na mamangu alikuwa chini yake.

Kijitabu nacho nimekisoma chote, mara mbili. Kinachukua siku za kitabu cha Danieli, kinazigeuza kuwa miaka, kinajumlisha, kinatoa mwaka. Mathayo 24:36 haimo mahali popote, pale Bwana mwenyewe anaposema hakuna aijuaye siku ile wala saa ile, hata malaika, ila Baba peke yake. Na hesabu za namna hiyo si ngeni. Kule Marekani mhubiri William Miller alipiga hesabu zake kutoka Danieli huyo huyo, na wafuasi wake wakamngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mashamba yao bila kuvuna. Siku ikapita. Mwaka ule ule wa 1844 mmisionari Ludwig Krapf alikuwa ameingia Mombasa. Mwezi wa Julai alimzika mkewe Rosine hapa ng'ambo, upande wa Nyali, na kitoto chao kichanga kikafa pia. Yeye naye alimngoja Bwana, ila alimngoja akiwa na kalamu mkononi, akikitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na miaka miwili baadaye alikuwa Rabai, kwao mamangu. Ningependa kila anayenunua kijitabu hiki akaione kaburi ile kwanza.

Nilimwambia mama habari za Shakahola. Sisi watu wa Kilifi hatuwezi kuizungumzia kama habari ya mbali. Mwaka 2023 alikaa na redio majuma mazima akisikia idadi ya miili ikipanda, mpaka ikapita 400, watu waliofunga kula hadi kufa kwa mafundisho ya mhubiri wao, wakitumaini kumwona Yesu. Akanijibu, "Yule aliwanyima watu chakula. Huyu hajamnyima mtu kitu." Ni kweli, na simfananishi mtumishi huyu na mtu aliyefikishwa mahakamani. Lakini nilimuuliza mama, tauni ikija nani atakuokoa? Akanyamaza, kisha macho yake yakaenda mlangoni. Hicho ndicho ninachokilalamikia kuliko ile Sh1,500. Hata wangeigawa bure ningeandika haya haya.

Stika sikuibandua. Si mlango wangu, na mama si mtoto. Nilimwomba tusome Ufunuo wote, sura moja kila usiku, kwa Biblia yake mwenyewe, kwa kuwa kule hemani tuliona sura ya 13 peke yake. Tuliposoma ya 14 akaona kwamba onyo kali kuliko yote ni kwa amsujuduye mnyama na sanamu yake, akauliza, "Kumbe shida ni kusujudu?" Nikamwacha ajijibu. Tulipofika 22, Yohana baada ya kuonyeshwa yote yale anaanguka miguuni pa malaika, na malaika anamwambia, "Angalia, usifanye hivi, mimi ni mjoli wako," na mwishoni, "Msujudie Mungu."

Mama aliniambia nirudie. Neno mjoli vijana hawalijui tena, wengi wanalipita. Mamangu analijua. Mjoli ni mtumwa mwenzako, mnayemtumikia bwana mmoja. Misheni ya Rabai ilipokea watumwa watoro waliokimbia mabwana zao, na Freretown ilikaliwa na walioachiwa huru kutoka majahazini. Kengele yao ndiyo iliyopapa jina pale Kengeleni, tunapopita na matatu kila siku. Bibi yake mama alilitumia neno hilo kwa watu aliowafahamu. Akakaa kimya muda mrefu, miwani mkononi, halafu akasema, "Malaika amekataa. Yeye malaika." Akaifunga Biblia.

Asubuhi yake nilikuwa nimejiandaa kumsomea 2 Wafalme 18, Hezekia alivyoivunja ile nyoka ya shaba ya Musa kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba, ingawa aliyeagiza itengenezwe ni Mungu mwenyewe. Sikuhitaji. Nilimkuta na beseni la maji moto na kisu cha kupaka siagi, stika imeshatoka nusu.

Kuhusu marejesho ya pesa: nilipiga nambari iliyo kwenye kijitabu mara tatu. Mara ya tatu kijana mmoja mwenye adabu aliniambia sadaka hairudishwi. Nikamwambia ujumbe wa M-Pesa unasema nimelipia kwenye till, na mlituambia ni bei, hamkusema ni sadaka. Akasema atamwuliza mkubwa wake. Hajapiga mpaka leo. Gundi ya stika ni kali mno, imebandua na rangi ya mlango, na fundi wa rangi ananidai Sh600, kwa hiyo hesabu yenu iwe Sh2,100.

Nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya kwaya na wale wahudumu waliompokea mama vizuri. Ibada ni Jumatano na Ijumaa kuanzia saa nane mchana. Una mzazi anayekwenda, nenda naye, keti kando yake, na hasa usimwache peke yake maboksi yanapofunguliwa.

Mama anataka kurudi Ijumaa hii akakae na yule jirani yetu, amwonyeshe ule mstari wa mjoli. Jirani bado anayo yake mlangoni. Nimefunga kibanda mapema, nitampeleka.