Uzoefu wangu wa kuongeza RAM kwenye Synology DS220+ ya nyumbani

Synology DS220+ ninayoitumia nyumbani kwangu Kisasa, hapa Dodoma, ni kifaa chenye diski mbili cha kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima kupitia mtandao; ilitoka kiwandani ikiwa na RAM (memori ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 2 iliyolehemewa kwenye ubao wenyewe, pamoja na nafasi moja tupu ya kuongezea. Kwa kuhifadhi mafaili peke yake kiasi hicho kilitosha. Mambo yalibadilika nilipoiongezea kazi: kupokea picha kutoka simu zote za nyumbani, kutunza nakala rudufu za kompyuta ninayochorea ramani za nyumba, na kuendesha programu kadhaa kwa kutumia Docker, mfumo unaoendesha kila programu ikiwa imetengwa na nyingine. Ukurasa wa usimamizi ukawa unafunguka kwa kusuasua, na mke wangu akafungua albamu za watoto kwa subira kubwa kuliko inavyostahili.

Kabla ya kununua chochote nilichunguza grafu za matumizi ya memori zilizomo ndani ya kifaa. Zilionyesha kwamba RAM ilijaa muda mwingi, na kwamba sehemu ya kazi zake ilikuwa ikihamishiwa kwenye diski, ambazo ni za kuzunguka na hazina kasi ya kazi hiyo. Nasisitiza hatua hii kwa sababu RAM huuzwa kama dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta. Ikiwa kero yako ni kunakili mafaili makubwa, haitakusaidia: milango ya mtandao ya kifaa hiki ni ya gigabiti 1, hivyo kompyuta moja itapata takriban megabaiti 110 kwa sekunde, uongeze RAM usiongeze.

Kinachohitajika ni RAM ya aina ya DDR4 yenye umbo dogo, kama ya kompyuta mpakato. Muuzaji mmoja wa mjini alinipa DDR3L, aina ya zamani zaidi, akidai kwamba zote ni sawa, ilhali ile ina pini 204 na DDR4 ina pini 260, wala haiwezi kuingia. Kiwango rasmi cha mwisho ni GB 6, maana yake unaongeza kipande cha GB 4. Wapo wanaoweka kikubwa zaidi na kikafanya kazi. Mimi sikuona sababu ya kufanyia majaribio mahali penye picha za familia. Nilinunua cha mtengenezaji mwingine, kwa kuwa chenye jina la Synology sikukipata madukani, huku nikijua kwamba kampuni hiyo inaweza kukataa kutoa msaada wa kiufundi kwa sababu hiyo.

Kazi ya kukifunga ni fupi. Unazima kifaa, unachomoa waya wa umeme, unatoa diski zote mbili baada ya kuziandika namba ili zirudi mahali pake, kisha unakisukuma kipande kwenye nafasi iliyo ndani hadi vibano vyake vishike. Kwa kiangazi cha Dodoma naongeza mawili: futa vumbi la nje kwanza, maana humu ndani hulikosi, na uguse chuma kabla ya kushika RAM, kwa sababu hewa kavu hulimbikiza umeme tuli mwilini. Baadaye niliipima memori kwa programu ya Synology Assistant, inayoendeshwa kwenye kompyuta, na kuiacha ifanye kazi usiku, kwa kuwa wakati wa kipimo kifaa hakitumiki.

Sasa ukurasa unafunguka bila kusita na programu za Docker hazizimiki zenyewe. Kupanga picha kwa kutambua nyuso bado ni taratibu, kwani hilo ni suala la prosesa, Celeron J4025 yenye viini viwili tu. Usishtuke pia ukiona RAM mpya nayo imetumika karibu yote. Mfumo huitumia sehemu iliyo wazi kutunza mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia pale programu inapoihitaji.

Kwa asiye na UPS, yaani betri inayoshikilia kifaa umeme unapokatika, ningemshauri anunue hiyo kwanza. Data iliyo kwenye RAM ikisubiri kuandikwa kwenye diski hupotea umeme unapokatika, hata RAM iwe kubwa kiasi gani.