Mazda MX-5 ya mwaka 1999: gari la watu wawili lenye mafundi wengi

Nimekaa na gari hili kwa zaidi ya miaka miwili hapa Uingereza, na kila Mtanzania mwenzangu anayeliona kwa mara ya kwanza huniuliza swali lile lile: linabeba nini? Jibu la haki ni kwamba halibebi kitu. Lina viti viwili, paa la turubai, na buti la lita 144 ambamo gunia la mchele huingia kwa kubembelezwa. Sitapoteza muda wa msomaji kujaribu kuthibitisha kwamba ni gari la lazima. Ninachotaka kueleza ni kwa nini sijaliuza, ingawa nimeshapata wanunuzi wawili, na kwa nini sehemu kubwa ya sababu haimo ndani ya gari lenyewe bali imo kwa watu wanaomiliki magari kama hili.

MX-5 ilizinduliwa katika maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989. Miaka mingi kabla ya hapo, Bob Hall, mwandishi wa habari za magari kutoka Marekani, alikuwa amemshauri Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba kampuni yake itengeneze gari jepesi, la bei nafuu na la paa la kufunguka, kama yale ambayo Waingereza waliyaunda zamani na kisha wakaachana nayo. Ilipofika Aprili 2016, magari milioni moja yalikuwa yamekwisha kutengenezwa. Kwa mtu anayenunua gari lililotumika idadi hiyo ina maana ya moja kwa moja: spea zipo, mpya na za kuchomoa kwenye magari mengine, na ugonjwa wowote utakaokupata umeshampata mtu mwingine kabla yako.

Langu ni la kizazi cha pili, lenye injini ya lita 1.8, nguvu za farasi zipatazo 140 na uzito wa kilo elfu moja na ushei. Namba hizo hazimtishi mtu. Utamu wake hauko kwenye kasi bali kwenye kona, kwa sababu injini iko mbele, nguvu inakwenda kwenye matairi ya nyuma, na mkono wa gia ni mfupi kiasi kwamba gia huingia kwa kuzungusha kifundo cha mkono tu. Barabara ndogo za vijijini, zenye ua wa miti pande zote mbili, ndiko linakostahili kuwa. Kwenye barabara kuu linachosha: kelele za turubai hukulazimisha kupaza sauti ili mtu wa kiti cha pili akusikie, na lori likipita pembeni unajikuta unaitazama ekseli yake.

Lililo muhimu zaidi katika tathmini hii ni jinsi gari lilivyoundwa. Ukifungua boneti unaiona injini, na mkono unaingia pembeni yake bila kung'oa vitu vinne kwanza. Mtu mwenye spana za namba 10, 12, 14 na 17 anaweza kufanya sehemu kubwa ya matengenezo ya kawaida. Spea kadhaa hazikubadilishwa kizazi kimoja hadi kingine: silinda ndogo ya klachi, ile inayokaa kwenye giaboksi, ya gari la mwaka 1990 inaingia kwenye gari la mwaka 2004. Nimefikia kuamini kwamba ukarimu wa wenye magari haya unatokana na jambo hili kuliko unavyotokana na tabia njema. Hakuna anayejitolea kumsaidia mgeni kutengeneza gari linalodai kompyuta na zana za maelfu ya pauni. Hili linadai alasiri moja na mikono michafu, na hayo ni mambo ambayo mtu anaweza kuyatoa bila kuumia.

Mimi niliyathibitisha hayo kwenye maegesho ya eneo la mapumziko la barabara kuu ya M4, nikielekea Wales, pale pedali ya klachi ilipozama hadi sakafuni na kukataa kurudi. Mpira wa ndani wa silinda niliyoitaja huchoka kwa umri, na mimi sikuwa nimebadilisha mafuta ya mfumo huo tangu ninunue gari, kwa hiyo lawama ilikuwa yangu. Sikumpigia mtu simu. Mzee mmoja mwenye MX-5 ya kijani ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa zinazoinuka, alikuwa akinywa chai garini mwake. Aliona boneti langu limefunguliwa, akaja na kurunzi, na kabla ya kunisalimia akaniuliza kama pedali ilikuwa imeanza kulegea siku za karibuni. Ilikuwa imeanza, nami nilikuwa nimejifanya sioni. Akalala chini kwenye lami, akatazama, akainuka akanionyesha kidole chake kikiwa kimelowa mafuta.

Alijaza mafuta ya breki kwenye kikopo cha klachi, akapampu pedali hadi ikapata uhai kidogo, kisha akaniongoza hadi nyumbani kwake, maili zipatazo kumi, akiwa ameniagiza nisikanyage klachi ila pale pasipo na budi. Gereji yake ilikuwa na silinda mpya kwenye boksi, aliyoinunua kwa ajili ya gari lake mwenyewe. Nilidhani ataifunga silinda hiyo mwenyewe. Badala yake aliliinua gari kwa jeki, akaweka stendi mbili za chuma, akalitikisa kuhakikisha limetulia, kisha akanikabidhi spana mimi. Silinda inashikiliwa na bolti mbili tu, lakini ya juu iko mahali ambapo vidole vinafika kabla ya macho, na nilihangaika nayo karibu nusu saa huku yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinieleza niizungushe upande gani.

Baada ya kufunga silinda mpya ni lazima hewa itolewe, na kazi hiyo kwa desturi hufanywa na watu wawili. Mmoja hukaa garini na kukanyaga pedali, mwingine hulala chini na kufungua nati ndogo wakati pedali imeshikiliwa, akaifunga kabla haijaachiwa. Mke wake aliitwa kutoka jikoni akaketi kwenye usukani kama mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi, na kwa robo saa nzima mazungumzo ya nyumba ile yalikuwa ni kanyaga, shikilia, achia, kanyaga, shikilia, achia. Mzee alipokea pauni 24, bei ya spea kama ilivyoandikwa kwenye risiti. Nilipojaribu kumwongezea, alinitazama kwa uso wa mtu aliyetukanwa.

Msomaji wa nyumbani anaweza kusema kwamba hilo si jipya, na atakuwa na haki. Kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro lori likiharibika, utingo hukata matawi ya majani na kuyatandika nyuma yake, na haichukui muda dereva mwingine kusimama, hata kama gari lake ni la aina tofauti kabisa. Tofauti ndiyo hiyo. Msaada wa kule ni wa njia, na kila aliye njiani anaustahili. Wa huku ni wa ukoo wa gari. Nina shaka kama mzee yule angeiacha chai yake ningekuwa ndani ya gari la familia, na nilipomuuliza alicheka bila kukanusha.

Ushauri wa wenye magari haya nao una kasoro zake, hasa kwa kuwa ni mwingi kuliko unavyohitajika. Injini yangu ilipoanza kuyumba gari likiwa limesimama, watu watatu walinipa magonjwa matatu, kila mmoja kwa uhakika wa daktari bingwa. Nilibadilisha kihisio kimoja bure na kusafisha njia ya hewa bure, kabla ya mtu wa nne, msichana aliyekuwa amenunua gari lake mwezi uleule, kugundua mpira wa hewa uliopasuka kwa nyuma. Aidha, msaada wa wasiolijua gari hili waweza kukuchelewesha. Betri yake iko kwenye buti. Siku ilipoisha chaji nje ya duka, wasamaria wawili wenye nyaya za kuwashia walikuwa wameshainamia injini wakitafuta pa kuzifunga, na nadhani hadi leo wanaamini niliwafanyia mzaha.

Kwa walio Afrika Mashariki wanaolitamani, mambo si mepesi. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari chakavu, kwa hiyo gari la umri wa langu haliingii Kenya, na kwa upande wa Tanzania hesabu yake haina maana. La kizazi cha sasa, lililoanza kuuzwa mwaka 2015, linawezekana, lakini tumbo la gari liko chini na matuta ya mitaani kwetu hayana huruma. Huko, ukitaka undugu wa spana, tafuta wenye Subaru.

Kasoro kubwa kuliko zote nimeiacha hadi sasa kwa kuwa inaniuma. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai hupita kwenye mifereji miwili iliyoko nyuma ya viti na kutokea mbele ya matairi ya nyuma. Majani makavu yakiziba mifereji hiyo, maji hutafuta njia nyingine hadi kwenye kingo za chini ya milango, na huko hukaa yakila bati kutoka ndani. Rangi inapovimba kwa nje, ndani kumeshaoza. Kabla ya kulipa, ingiza mkono nyuma ya viti uguse zulia. Likiwa na unyevu, ondoka. Mimi sikugusa. Ukaguzi wa lazima wa mwaka, unaoitwa MOT, umelikataa gari langu kwa kutu pande zote mbili, na fundi wa kuchomelea amenipa makadirio ya pauni 800 kwa gari nililolinunua kwa 1,900. Mzee yule wa safari ya Wales amesema nilipeleke kwake kwanza tufungue viti na mazulia wenyewe, ili fundi alikute bati tupu na apunguze saa za kazi. Fundi amekubali kushuka hadi 550, na gari litaingia kwake wiki ya pili ya Mei.