Uzoefu wangu na Where's Spot?, kitabu cha kufunuafunua

Kitabu hiki cha mchoraji Mwingereza Eric Hill, kilichotoka mwaka 1980, nilikinunua kikiwa kimeshatumika, kwa ajili ya binti yangu wa miaka miwili na nusu, na kwa miezi mitatu sasa tumekisoma karibu kila usiku. Kisa chenyewe ni chepesi: Sally anaona kuwa mwanawe Spot, kijibwa mtukutu, hajagusa chakula chake, naye anamtafuta nyumba nzima, kila anapochungulia pana kipande cha karatasi ambacho mtoto hukifunua kwa mkono wake na kumkuta mnyama mwingine kabisa, awe dubu nyuma ya mlango, nyoka ndani ya saa au kiboko ndani ya piano. Mama yangu, ambaye kwake mbwa hulala nje, ameshaniuliza mara mbili kwa nini mbwa anatafutwa kabatini.

Maandishi ni ya Kiingereza, nami humsomea kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipopata faida ambayo sikuitarajia. Katika Kiingereza mnyama hukataa kwa neno moja tu, lile lile kila ukurasa, ilhali Kiswahili kinamtaka mtoto aangalie ni mahali pa namna gani. Nikiuliza, "Yumo kabatini?" hujibu, "Hayumo!" Nikiuliza, "Yuko nyuma ya mlango?" hujibu, "Hayuko!" Mwanzoni alisema "hayuko" kwa kila kitu, lakini juzi, tulipokuwa tukitafuta ndala yake, alichungulia kapuni akatangaza, "Haimo!" Sikuwa nimemfundisha kwa njia nyingine yoyote.

Maneno ni machache mno kwa mtoto aliyeanza shule, na sidhani kama angekirudia baada ya siku mbili. Kwa wadogo, anayeweza kupata toleo la kurasa ngumu alichukue hilo, na anayenunua kilichotumika ahesabu vifuniko kabla ya kulipa. Mimi sikuhesabu. Kifuniko cha kitanda kilikuwa kimenyofolewa, kwa hiyo mamba alikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na hapakuwa na cha kumshtua mtu. Nilikata boksi la biskuti, nikalibandika kwa selotepu, na ukurasa huo ndio ambao binti yangu sasa huukimbilia kwanza, kwa sababu kifuniko chake ni kigumu na hulia "kwa!" kinapofungwa.